Mguu Wangu Juu ya Supu ya Wageni

Pale chuoni kwetu kuna watu ambao mpaka leo wakikutana na mimi njiani wanauangalia kwanza mguu wangu wa kulia, halafu ndipo wanakumbuka kunisalimia. Sichechemei, sina kovu, sivai viatu vya ajabu. Ni kwamba kuna siku mguu huo waliuona peke yake, bila mimi, ukining'inia kutoka juu katikati ya shughuli rasmi, na mtu akishaona kitu kama hicho hawezi kukisahau hata akitaka. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitamsimulia mtu, lakini naona kila mmoja anasimulia kwa namna yake (kuna mmoja anasema nilikuwa nimelewa mvinyo, na mimi ni mzee wa kanisa, jamani!), kwa hiyo bora mkisikie kisa hiki kutoka kwa mwenye mguu.

Chuo chetu kiko nje kidogo ya mji wa Dodoma, njia ya kwenda Makutupora, ni chuo cha kilimo na lishe, na mimi hapo nafundisha lishe. Katikati ya chuo, kati ya bwalo la chakula na ofisi ya uhasibu, kuna ghala la zamani sana. Wazee wa eneo lile wanasema wamisionari ndio waliojenga zile kuta za mawe kwa ajili ya kuhifadhia mtama wa shule yao, wakaagiza mabati, mabati hayakufika, wakachoka kusubiri na mvua inakaribia, basi wakawaomba mafundi wa Kigogo wawawekee paa la tembe. Wakawawekea kweli: magogo ya mpingo yaliyolala kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya magogo fito, juu ya fito nyasi, juu ya nyasi udongo ulioshindiliwa, paa bapa kabisa ambalo ungeweza kucheza mdako juu yake. Wamisionari waliondoka, shule ikawa chuo, watu wakaja na vigae na vioo na viyoyozi, ghala likabaki pale pale na paa lake la udongo.

Mimi nimezaliwa kwenye tembe. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilipoajiriwa nililipenda lile ghala kama ndugu niliyepotezana naye, na Mkuu wetu wa chuo (si mtu mbaya, ila anapenda lami) alilichukia kwa sababu lilikuwa limekaa pale pale alipotaka kuweka maegesho ya magari. Tulivutana kwa muda mrefu. Mimi nikaunda kamati ya kulihifadhi, nikawa mwenyekiti, mwenzangu Zuhura, mwalimu wa mazao, Mrangi wa Kondoa, akawa katibu, na kwa muda mrefu wajumbe tulikuwa sisi wawili tu. Niliomba nipewe lile ghala liwe darasa la kufundishia uhifadhi wa chakula, maana ndani yake kuna ubaridi ambao hakuna jengo jingine la chuo linaloupata. Mwishowe ikakubaliwa hivi: ataitwa mkaguzi wa majengo ya kale kutoka wizarani, akisema paa ni zima na ni la asili, ghala litaorodheshwa na hakuna mtu atakayeligusa, na akisema ni hatari, linaletwa tingatinga. Siku ikapangwa, kadi zikachapishwa, wanawake wa kijiji cha jirani wakaalikwa waje na ngoma zao za muheme.

Sasa njooni kwenye mlenda.

Mwaka ule mlenda, ile mboga yetu ya majani inayoteleza na kuvutika ikipikwa, ulikuwa umeota shambani kwangu mpaka basi, nami sikubali mlenda uharibike, ni dhambi. Tatizo lilikuwa mahali pa kuanika. Kwangu, mtaa wa Ipagala, uani nimeweka matofali ya saruji, jirani mmoja anajenga kwa hiyo vumbi la simenti halikatiki, jirani wa pili anafuga mbuzi wasiojua mpaka, na bati la nyumba yangu limeinama kama mtu anayetafuta sindano. Nilijaribu kuanika juu ya boneti ya gari la mume wangu, akasema anaenda kazini, nikamwambia subiri kwanza majani yakauke, hatukuelewana. Ndipo nikakumbuka kwamba kule chuoni kuna paa bapa, kubwa, la udongo, lenye jua na upepo, ambalo mbuzi hafiki, na ngazi na ufunguo wa ghala viko chini ya mwenyekiti wa kamati ambaye ni mimi. Na paa la tembe si ndiyo kazi yake? Bibi yangu alianika juu ya tembe maisha yake yote, majani, mtama, karanga, hata sisi wajukuu tulipokojoa kitandani tulianikwa huko na magodoro yetu.

Basi nikapandisha majani yangu, viroba vizima, nikayatandaza juu ya mikeka upande wa nyuma ambao watu hawauoni. Sikumwambia mtu, hata Zuhura. Nilijiambia siku mbili tatu tu yatakuwa yamekauka, nitayashusha kabla ya ugeni. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kama punje ya uwele, na mambo mengine yote yalitoka humo.

Nikajisahau. Kulikuwa na mitihani, kulikuwa na vikao, kulikuwa na suala la nani atapika supu. Asubuhi ya ugeni niko ofisini nimependeza, gauni la kitenge, viatu vipya vyekundu vya kisigino kifupi, kichwani kilemba, nasubiri saa nne ifike, ndipo Zuhura akaingia anacheka na kusema, "Madamu, Mkuu kaamua kutumia pesa kweli leo. Kamleta mpiga picha kutoka mjini na droni. Anasema anataka ghala lipigwe picha kutoka angani, mgeni alione paa lote lilivyochakaa."

Paa lote. Nilihisi moyo umeshuka hadi kwenye vile visigino. Mwenyekiti wa kamati ya kulihifadhi jengo la kale, na picha ya angani inaonyesha ameligeuza uchanja wa mboga!

Nilichukua suruali ya traksuti ya mwanangu Joshua iliyokuwa imebaki kwenye mfuko ofisini, nikaivaa ndani ya gauni (maana kupanda ngazi na gauni mchana kweupe, chuo kizima kinapita, heshima inataka kitu chini), nikachukua gunia na kwenda nyuma ya ghala nusu nakimbia. Wasiwasi wa muda sikuwa nao sana. Kadi ilisema saa nne kamili, na nyote mnajua mgeni rasmi wa saa nne anafika saa ngapi. Kwa hesabu zangu nilikuwa na saa nzima ya bure na nusu nyingine ya zawadi.

Nikapanda. Juu kulikuwa na upepo mtamu, na mlenda wangu ulikuwa umekauka vizuri ajabu, ukiushika unavunjika kuwa unga mkononi, nikasahau hata kilichonileta, nikaanza kuufikicha kabisa ili uenee kwenye gunia. Nafikicha, naimba pole pole wimbo wa kwaya, najisifu kwamba hakuna mtu Dodoma nzima mwenye mlenda kama huu mwaka huu. Ndipo nikasikia chini yangu sauti ya Mkuu mwenyewe.

"Hii ngazi ya nini hapa? Inaharibu picha. Ipelekeni getini, kule wameshindwa kufunga bango."

Nilitakiwa kusema neno hapo. Neno moja tu, "Subirini," na leo nisingekuwa na kisa. Lakini ningesema subirini, Mkuu angeuliza unafanya nini juu, na mimi ningejibu nini? Nikanyamaza kama panya. Nikasikia ngazi inabebwa, watu wawili wanabishana nani ashike mbele, sauti zikapotea. Nikasema hakuna neno, ngazi ikimaliza kazi ya bango nitampigia Zuhura airudishe, muda upo.

Muda haukuwepo. Yule mkaguzi alikuwa mtu wa aina ambayo sikuwahi kukutana nayo katika utumishi wangu wote wa umma: alifika kwa wakati. Nilisikia gari, nikasikia muheme zinalia na wanawake wanaitikia "Mbukwenyi! Mbukwenyi!" wakisalimia wageni kwa Kigogo, vigelegele, na mimi mwenyekiti, mpokeaji mkuu wa wageni, nimelala kifudifudi juu ya paa nimekumbatia gunia.

Nikampigia Zuhura. Akapokea kwa kunong'ona.

"Uko wapi wewe? Mgeni ameshashuka kwenye gari, Mkuu anakuuliza mpaka jasho linamtoka!"

"Niko juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya ghala. Nilikuja kushusha mlenda. Wamechukua ngazi."

Nikasikia kitu kama mtu anayekabwa na chapati. Alikuwa anacheka. Zuhura akicheka hawezi kusema, mabega tu ndiyo yanayocheza, nami nilikuwa namjua kiasi cha kuyaona yale mabega kupitia kwenye simu. Alipopata pumzi akasema, "Mdharau mwiba mguu huota tende. Tulia hapo hapo, usisogee hata kidogo. Nje kuna baridi ya upepo, wanaingizwa ghalani wanywe supu kwanza. Wakishakaa naileta ngazi kwa nyuma, unashuka, unanawa uso, unaingia kama umetoka msalani."

Ulikuwa mpango mzuri. Ningeufuata tungekuwa tumeongea mengine leo.

Nikatulia. Wageni wakaingia ndani, nikasikia viti vinavutwa, vijiko vinagonga bakuli, harufu ya supu ya kuku ikanifikia hadi juu kwa sababu paa la tembe linapumua (hiyo ni sifa yake mojawapo, nilikuwa nimeiandika kwenye hotuba yangu). Zuhura alikuwa ameshika kipaza sauti anazuga watu, anaeleza historia ya ghala kwa hotuba yangu mimi, na anaieleza vizuri kuliko ambavyo ningeieleza. Nikaanza kupata amani. Ndipo nikasikia juu ya kichwa changu mlio kama nyigu mkubwa.

Ile droni! Mpiga picha hakuambiwa asubiri. Kitu kikapanda taratibu kutoka upande wa bwalo, kikasimama hewani, kikanigeukia, kikanitazama. Na mimi, badala ya kulala tu kama gunia la pili, nilifanya alivyokuwa anafanya bibi yangu mwewe akitokea: nikainuka, nikavua kilemba, nikaanza kukifukuza kile kitu. "Shiii! Ondoka! Ondoka hapa!" Kikarudi nyuma kidogo, kikaja tena, nadhani kule chini mpiga picha alifurahi kupata kitu chenye uhai. Nikaona hapana, lazima nijifiche. Kwenye kona ya pili ya upande ule ule wa nyuma kulikuwa na turubai lililokunjwa. Nikalikimbilia, gunia mkononi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila aliyekulia kwenye tembe analijua. Juu ya tembe hukimbii. Unatembea, na unatembea kwa kufuata gogo, unalisikiliza kwa unyayo wako, hukanyagi katikati ya gogo na gogo hasa pale ambapo udongo haujaongezwa mwaka huo. Bibi alinichapa kwa ajili ya hilo nilipokuwa mdogo. Na paa letu sisi wenyewe wa kamati tuliliongezea udongo upande wa mbele tu, upande unaoonekana, upande wa nyuma, wa turubai, tulisema tutaufanyia baadaye. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwa chuoni siku ile. Nikakanyaga katikati.

Hakukuwa na kelele. Udongo ulifanya "pffu" kama mtu anayezima mshumaa, na mguu wangu wa kulia ukaenda zake, ukapita kwenye nyasi, ukapita kwenye fito, ukaingia hadi kwenye nyonga, na mimi nikabaki nimekaa juu ya magogo mawili, paja moja huku, jingine sijui liko nchi gani. Gunia likaniponyoka, likalalia mdomo wa lile tundu, na mlenda wangu mkavu, uliofikichwa vizuri, ukaanza kumwagika ndani kupitia pembeni ya mguu.

Yaliyotokea chini nilisimuliwa na Zuhura, mara nyingi, bila kuombwa. Anasema kwanza lilikuja vumbi. Halafu ukaja mguu, umevaa suruali ya traksuti ya bluu yenye mistari mitatu myeupe na kiatu chekundu cha sherehe, ukasimama hewani juu kabisa ya meza kuu. Halafu vikaanza kunyesha vitu vya kijani. Mlenda ukawaangukia wote, kwenye nywele, kwenye miwani ya mkaguzi, kwenye makoti, na zaidi kwenye supu. Na mnajua mlenda mkavu ukikutana na supu ya moto. Mhasibu wetu, ambaye hakuwa ameangalia juu kwa sababu alikuwa anatafuta paja la kuku, aliinua kijiko na supu ikamfuata, ikavutika kutoka kwenye bakuli mpaka mdomoni bila kukatika, akabaki hivyo, amekodoa macho, hajui ameze au arudishe. Mimi nami huko juu nikaona nijikwamue, nikatikisa mguu, kiatu kikavuka. Nilisikia kilipotua. Kilitua kwenye bakuli la Mkuu wa chuo.

Vijiko vikaacha kugonga bakuli. Hata muheme zilikuwa zimenyamaza. Nilitamani ule udongo unimeze, lakini ulikuwa umeshanimeza na haukunisaidia chochote.

Mtu wa kwanza kusema alikuwa Mkuu. Na nawaambia ukweli, sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Mama mkaguzi, mmejionea wenyewe," alisema. "Mimi nilishasema. Jengo hili ni hatari. Leo ni mguu, kesho ni mwanafunzi mzima."

Pale ndipo niliposikia uchungu wa kweli. Mpaka dakika ile ilikuwa aibu, na aibu nimeshaizoea, nina watoto wanne. Lakini sasa niliona ghala langu linaondoka. Niliona tingatinga, niliona mawe ya zile kuta yanabebwa kwenda kujaza mashimo ya barabara, na aliyelibomoa si mwingine, ni mimi, mwenyekiti, kwa sababu ya mlenda. Machozi yakanitoka nikiwa nimekaa pale pale, na droni bado inanizunguka.

"Mkuu, subiri kidogo," ikasema sauti ya mwanamke, tulivu. Nikasikia kiti kinasogezwa. "Wewe uliye juu, unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Shikamoo." (Msiniulize kwa nini niliamkia. Nililelewa hivyo. Baadaye nilikuja kumuona, tunalingana umri kabisa.)

"Marahaba. Umeumia?"

"Sijaumia mama, nimeaibika tu."

Watu wakacheka, naye akawaacha wamalize. "Umekalia nini?"

"Magogo mawili. Moja kila upande."

"Yanacheza? Jitikise kidogo nione."

Nikajitikisa. Mlenda mwingine ukamwagika. "Hayachezi, mama. Yametulia kama mwamba."

Nadhani hapo alikuwa anamulika kwa tochi ya simu kuzunguka mguu wangu, maana nilihisi mwanga ukipita. Halafu nikamsikia akiwaambia waliokuwa mezani. "Udongo ndio uliotoboka. Udongo wa tembe ni wa kuongezwa kila mwaka, hilo si kubomoka, hilo ni uvivu wa kamati." (Nilistahili.) "Mimi wasiwasi wangu ulikuwa haya magogo. Nilikuja na mpango wa kupandisha mifuko ya mchanga nione kama yatabeba au yatapasuka. Sasa naona mzigo umeshapanda wenyewe, tena umedondoka kwa kishindo, na gogo halina hata ufa."

Akakohoa kidogo. "Mwalimu, wewe kabila gani?"

"Mgogo, mama."

"Mimi Mnyamwezi. Basi sisi ni watani, hutanikasirikia. Una kilo ngapi?"

Jamani. Jamani! Chini kulikuwa na Mkuu, walimu wote, wazee wa kijiji, wanawake wa muheme, mchungaji wangu, na wanafunzi wa mwaka wa pili ambao wiki iliyotangulia nilikuwa nimewafundisha mada ya uzito unaofaa, nimesimama mbele yao nikipiga kifua kwa kujiamini. Na Zuhura, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, aliona jibu la jambo zito kama hilo lisije likapotea hewani. Akapanda juu ya meza, akanyoosha mkono, akakisogeza kipaza sauti mpaka kwenye lile tundu.

"Sabini," nikasema, na spika zote za chuo zikasema sabini. "Sabini na... sita."

Nilisikia mtu mmoja anacheka puani. Namjua, ni mhasibu.

"Sabini na sita," alirudia mkaguzi, na sauti yake ilikuwa imepungukiwa na matumaini. "Hapo siwezi kuandika kitu cha maana, mwalimu. Huo ni uzito wa binti na begi lake. Ningepata tisini hivi ningeandika kwamba gogo limepokea mtu mzima aliyedondoka juu yake, na likamstahimili, na hapo hakuna mtu angenibishia. Una uhakika?"

Ndugu zangu, nilifikiria. Kwa upande mmoja kulikuwa na ghala, kuta zake, ubaridi wake, darasa langu, mikono ya wale mafundi walioyapanga yale magogo kabla baba yangu hajazaliwa. Kwa upande wa pili kulikuwa na kile ambacho hata mume wangu sijawahi kumwambia, na kliniki nikipimwa huwa namuomba nesi aandike bila kutamka. Nikafumba macho.

"Tisini na nane," nikasema. Spika zikasema tisini na nane, ikagonga ukuta wa bwalo, ikarudi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kusema kweli, nikaona niimalize yote. "Bila kiatu kimoja."

Kelele iliyoinuka pale sijawahi kuisikia hata kwenye harusi. Vigelegele, makofi, muheme zikaanza upya zenyewe, na mwanamke mmoja wa ngoma akaanzisha wimbo papo hapo kwa Kigogo, wa kuusifu mguu mnene uliookoa nyumba ya wazee, wenzake wakaudaka. Nikajikuta na mimi nacheka, kule juu, peke yangu na droni, nacheka na machozi bado yanatoka, na kwa kweli sikumbuki kama nimewahi kujisikia mwepesi kiasi kile.

Ngazi ililetwa kutoka getini na nusu ya bango ikiwa bado imening'inia. Walinivuta watu watatu. Nilishuka nikiwa na traksuti nje, gauni limekunjwa kiunoni, kichwa wazi kimejaa udongo na majani, na nilipogeuka nikakutana uso kwa uso na Mkuu. Alikuwa ameshika kiatu changu kwa mikono miwili, amekifuta kwa leso yake mwenyewe, lakini bado kilikuwa kinavuta uzi wa mlenda.

"Madamu Tabitha," alisema, "kiatu chako."

"Asante, Mkuu. Nisamehe kwa supu."

Aliniangalia, akaangalia paa, akaangalia koti lake. Mdomo ukaanza kumcheza pembeni. "Supu imekuwa nzuri zaidi," akasema, na hapo ndipo na yeye alipoangua kicheko, akacheka mpaka akashika ukuta. Ukuta ule ule aliotaka kuubomoa.

Ghala limeorodheshwa. Magari yanaegeshwa nyuma ya bwalo, na Mkuu mwenyewe anasema kule kuna kivuli zaidi. Upande wa nyuma wa paa tuliuongezea udongo, safari hii wote kwa pamoja, wanafunzi, walimu na wanawake wa kijijini, na mimi nilipewa kazi ya kupika, chini, mbali na ngazi, kwa azimio la kamati lililopitishwa bila kupingwa. Sasa hivi darasa langu liko humo ndani. Asubuhi nikifungua mlango ule mzito ubaridi unanipokea, wanafunzi wanaingia, tunakausha nyanya, maembe, mboga, kila kitu, kwa vichanja vya wavu vilivyowekwa ardhini kama watu wenye akili, na sidhani kama kuna mwalimu katika mji huu mwenye furaha ya kazi kama mimi. Kijana wa mwaka wa kwanza akiniuliza kwa upole wa kinafiki, "Madamu, eti hili paa lilipimwaje?" namjibu tu afungue daftari.

Kupanda paa nimeacha, liwe la udongo, la bati au la nyumba yangu mwenyewe, hata kama kuna mtoto kakwama huko atatafutiwa mtu mwingine. Na kuna jambo moja zaidi nimejifunza. Siku hizi mtu akiniuliza nina kilo ngapi namwambia hapo hapo, tena kwa sauti yangu ya kawaida, kwa sababu nimegundua kwamba ukweli wa namna hiyo ukiuchelewesha sana, utakuja kuusema kwenye kipaza sauti.